Kuacha Fegi Ukiwa na Kipandauso: Mambo Msee wa Kisii na Nyamira Anafaa Kujua

Kama umevuta fegi miaka kumi na ushei, na kila wiki mbili tatu kichwa kinakushika upande mmoja mpaka unafunga pazia mchana, hii ni yako. Iwe uko na keja Nyanchwa, unaendesha nduthi steji ya Keroka ama unachuna majani kule Kebirigo, stori huwa moja. Ulijaribu kuacha. Siku ya tatu kichwa kikataka kupasuka. Ukawasha moja, kikatulia kidogo, ukajiambia, "Kumbe fegi ndiyo dawa yangu."

Zii. Hiyo ilikuwa arosto. Mwili ulizoea nikotini, ukaukatia ghafla, ukalipiza kisasi. Fegi ilinyamazisha deni ambalo fegi yenyewe ilikuwekea. Wasee wengi wenye kipandauso hurudia kuvuta hapo hapo, siku ya pili au ya tatu, kwa sababu hakuna mtu aliwaambia hiyo siku inakuja na jinsi ya kuipita.

Kichwa gani hasa?

Kipandauso, ile watu huita migreni, si kila maumivu ya kichwa. Mara nyingi hupiga upande mmoja, kwa mdundo kama spika ya mat, na ukitembea kinazidi. Unasikia kutapika. Mwanga unakuchoma, kelele inakuudhi, hata harufu ya mafuta ya chipo inakukera. Bila dawa, kinaweza kukaa kuanzia saa 4 hadi siku 3. Wanawake hukipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Wengine huanza kwa kuona vitu: mistari ya zigizaga inayometameta, doti nyeusi, ama ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Hii huchukua dakika 5 hadi saa moja, kisha kichwa chenyewe kinafika. Kama wewe ni wa kuona hizo zigizaga, kumbuka hii kitu, tutairudia, ju hapo ndipo kuna hatari kubwa.

Na kwetu huku kuna la ziada. Kisii ni milimani lakini malaria hufika, na imewahi kuleta milipuko mikali. Kichwa pamoja na joto la mwili na baridi ya kutetemeka, nenda upimwe kwanza. Usikiite kipandauso kwa mazoea.

Wagusii na kichwa, stori ya zamani

Kama kuna mahali Kenya maumivu ya kichwa yalichukuliwa serious, ni Gusii. Wagusii walikuwa na wataalamu wa kupasua kichwa, omobari mmoja, ababari wakiwa wengi. Mtu akigongwa kichwa na maumivu yakakataa kuisha, omobari alikata ngozi, akakwaruza mfupa wa fuvu polepole kwa zana zake mpaka akatoa kipande. Edward Margetts, daktari wa akili aliyesimamia hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliandika kuhusu upasuaji huu kwenye kazi iliyotoka 1967. Mwaka 1985 madaktari wa upasuaji nao waliuandikia kwenye jarida la kitaalamu, na walishangaa jinsi wagonjwa wengi walivyopona.

Hiyo ilikuwa hasa ya kichwa cha kugongwa, si kipandauso, na hakuna anayekuambia utafute wembe. Lakini ukisikia mtu kwa base akikucheka ati "kichwa tu inakulaza", mwambie babu zake walikuwa tayari kufunguliwa fuvu kwa sababu ya "kichwa tu". Hata ugoro, ile etumbato ya wazee, una nikotini. Kwa hivyo usihame kutoka fegi uende kwa ugoro ukidhani umeacha.

Fegi inafanya nini kwa kichwa

Ukweli bila chuku: hakuna daktari mwaminifu atakuahidi kwamba ukiacha fegi kipandauso kitaisha. Ni ugonjwa wa ubongo, na mara nyingi unarithiwa. Ila moshi ni kati ya vitu vinavyoweza kukichokoza. Mwaka 2009 madaktari wa Hispania waliripoti uchunguzi wa wanafunzi wa udaktari kule Salamanca. Wavutaji walikuwa wengi zaidi kati ya wale wenye kipandauso, na ilionekana kuvuta zaidi ya fegi tano kwa siku kunachangia mashambulizi. Moshi wa fegi pia una kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya jiko la makaa ndani ya nyumba imefungwa, na hiyo peke yake hukuumiza kichwa.

Sasa ile hatari. Watu wanaoona zigizaga kabla ya kichwa wana uwezekano karibu mara mbili wa kupata kiharusi kuliko wengine. Fegi nayo inaongeza hatari ya kiharusi kivyake. Ukiziweka pamoja umejipanga vibaya. Na kama wewe ni manzi unayemeza tembe za kupanga uzazi zenye homoni mbili, umeongeza la tatu. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye kipandauso cha zigizaga asitumie tembe hizo kabisa. Zipo njia zingine, kama sindano, vijiti vya mkononi ama tembe zenye homoni moja.

Najua wadada wengi huku wanavuta kisiri, ju mwanamke mwenye fegi anasemwa kutoka Suneka hadi Nyansiongo. Lakini nesi wa kliniki si mama mkwe. Ukimficha kuhusu fegi na zile zigizaga, anakupa dawa isiyokufaa, na hiyo siri yaweza kukupooza upande mmoja ukiwa na miaka thelathini.

Wiki mbili za moto

Arosto huanza ndani ya siku moja, inafika kilele siku ya pili na ya tatu, halafu inashuka kwa wiki mbili hadi nne. Utakuwa na hasira, usingizi mbovu, njaa na kichwa kizito. Kwa mtu wa kipandauso, kila moja kati ya hizo ni kichokozi. Ukilala saa nne tu, kinakuja. Ukiruka chakula, kinakuja. Kwa hivyo kazi yako hizo wiki mbili si kuvumilia fegi pekee. Ni kulala na kuamka saa ile ile hata Jumapili, kula kwa wakati hata kama ni ndizi na maji, na kutochanganya na keroro. Pombe inachokoza kipandauso na inalegeza ile "sitaki". Kikombe cha pili cha busaa kimerudisha watu wengi kwa fegi.

Chagua tarehe kwa akili. Usiweke wiki ya bonasi ya majani, ganji ikiwa mfukoni na kila mtu ananunulia mwenzake. Usiweke wikendi ya matanga, pakiti zikizunguka usiku kucha. Kama kipandauso chako hufuata hedhi, anza siku chache baada ya kumaliza. Na kama wewe ni shabiki sugu wa Shabana, angalia ratiba ya Gusii Stadium kwanza. Si mzaha, ju fegi nyingi za mtu hufungamana na mahali na wenzake.

Kupunguza polepole ama kukata mara moja? Utafiti wa Uingereza wa 2016 ulifuatilia karibu watu 700, wote wakipewa msaada wa nikotini. Baada ya wiki nne, waliokata mara moja siku waliyopanga walifaulu asilimia 49, na waliopunguza kidogo kidogo asilimia 39. Kwa hivyo kukata kunashinda, ingawa kupunguza si bure.

Chai, na hapa soma polepole

Hii ndiyo sehemu watu hawaambiwi, na kwa Kisii na Nyamira ni kubwa kuliko zote. Moshi wa fegi unafanya ini lako lichome kafeini haraka sana. Ndiyo maana mvutaji anaweza kunywa chai sita na bado alale fofofo. Siku chache baada ya kuacha, ini linarudi spidi ya kawaida, na kile kikombe ulichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kafeini inaweza kupanda karibu mara mbili bila wewe kuongeza hata tone. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, hulali, kichwa kinaanza. Unasema ni arosto ya fegi, kumbe ni chai ya Sanganyi.

Dawa yake ni kugawa nusu. Kama ulikuwa unapiga vikombe sita vya chai ama kahawa, shuka vitatu kuanzia siku ya kuacha, na cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana. Usikate yote ghafla. Kafeini nayo ina arosto yake, na arosto yake kubwa ni kichwa. Soda za koka na vinywaji vya kuongeza nguvu viko kwa hesabu hiyo hiyo. Soma pia nyuma ya pakiti za dawa za kichwa za dukani, ju nyingi zimechanganywa na kafeini.

Dawa: ipi inasaidia, ipi inakurudisha nyuma

Ukimeza vidonge vya maumivu kila siku, vyenyewe vinaanza kuleta kichwa. Kipimo cha madaktari ni hiki: dawa za kawaida kama paracetamol zisifike siku 15 kwa mwezi, na zile za kuchanganya zisifike siku 10. Chukua ile kalenda ya bure ya dukani, uizungushie kila siku ya kichwa, kila siku ya kidonge na kila siku ya fegi. Ukienda hospitali na hiyo karatasi, daktari atakuelewa kwa dakika tano kuliko ukisema tu "naumwa na kichwa."

Uliza pia dawa ya kuzuia, ile ya kumezwa kila siku. Propranolol na amitriptyline ni za miaka mingi na si za anasa, ila lazima upimwe kwanza, na mwenye pumu haitaki propranolol. Zile kali za kukata shambulizi, kama sumatriptan na ergotamine, zinabana mishipa ya damu. Mvutaji wa miaka mingi asizinunue kwa kuambiwa na beshte. Presha na moyo viangaliwe kwanza.

Kwa upande wa nikotini, kuna plasta ya kubandika na chingamu. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Ukivuta zaidi ya fegi 10 kwa siku, kwa kawaida unaanza na plasta ya miligramu 21, chini ya hapo 14. Kama fegi ya kwanza huwa ndani ya nusu saa ya kuamka, chingamu yako ni ya miligramu 4, la sivyo 2. Na haitafunwi kama Big G. Tafuna mpaka usikie inawasha, iegeshe kando ya ufizi, ikipoa tafuna tena, kwa nusu saa hivi. Usinywe chai robo saa kabla yake, itaharibu kazi. Plasta inaweza kuleta kichwa ama ndoto za ajabu. Ikifanya hivyo, itoe usiku, ama uliza kipimo cha chini. Si kila duka la dawa mtaani linaziweka, kwa hivyo ulizia kabla ya siku yako kufika.

Kuna pia vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vilivyoingia Kenya 2019. Wasee wengi huvitumia juu ya fegi, si badala yake. Hapo umeongeza, hujaacha. Shisha nayo ilipigwa marufuku Desemba 2017, na moshi wake una kaboni monoksaidi kibao.

Hesabu ya mfukoni

Tuseme unanunua fegi ya mbao, kumi kwa siku. Hiyo ni soo mbili kwa siku, 6,000 kwa mwezi, 73,000 kwa mwaka. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza pakiti ya chini ya fegi kumi, lakini fegi moja moja bado zinauzwa kila kibanda, na hiyo ndiyo inaua mpango wa wengi. Mtu anasema hanunui tena pakiti, kisha anapita vibanda vitano akitoka Daraja Mbili kurudi keja. Badilisha njia wiki mbili za kwanza. Mwambie mama wa kibanda asikuuzie. Wengi watacheka, lakini watakukatalia.

Wapi pa kuanzia

Hospitali ya rufaa ya Kisii na ile ya kaunti ya Nyamira zinaona wagonjwa wa kichwa. Anzia kliniki ya wagonjwa wa nje, na useme mambo yote mawili kwa pamoja: kipandauso, na fegi ngapi kwa miaka mingapi. Kwa kuzungumza na mtu bila nauli, NACADA wana laini ya bure, 1192.

Ila usingoje kliniki wala simu kama kichwa kimekuja ghafla kama radi, kikali kuliko vyote maishani, ama mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanakwama, ama shingo imekaza na joto limepanda. Hali kadhalika kama kichwa kimeanza baada ya kuanguka na nduthi. Hapo ni emajensi, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua ya Kisii inanyesha.

Na ukiteleza, ukavuta moja siku ya tisa, usinunue ya pili ndiyo uanze upya Jumatatu. Andika kwa kalenda saa ngapi, ulikuwa wapi, na nani, na ulikuwa umekula nini. Mara nyingi utakuta ulikuwa umeruka chakula cha mchana.