Swali la Tabibu wa Hamburg

Mnamo Novemba 1961, tabibu wa watoto aitwaye Widukind Lenz alikuwa akiwaendea wazazi wa Hamburg na viunga vyake, ambao watoto wao walizaliwa na viganja vilivyoota karibu na mabega, akiwauliza mama alimeza nini mimba ilipokuwa changa. Wengine walikwisha kuulizwa kabla, wala hawakuitaja Contergan, kwani dawa hiyo ya usingizi, iliyouzwa Ujerumani Magharibi tangu Oktoba 1957 bila ya cheti cha tabibu, na kusifiwa kuwa haina madhara, waliihesabu kuwa ni kitu hafifu kisichostahiki kutajwa.

Kabla ya hapo walikuwako waliodhani sababu ni urithi wa damu, na waliotuhumu majaribio ya mabomu ya atomiki. Lakini Lenz alipoituhumu Contergan na kuihadharisha kampuni iliyoitengeneza, Grünenthal, mwezi haukwisha ila dawa imeondolewa madukani, na mnamo Desemba tabibu William McBride wa Sydney akatangaza tuhuma iyo hiyo. Watoto waliodhurika ulimwenguni walizidi 10,000, na wengi walifariki wangali wachanga. Marekani ilisalimika kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kuipa idhini kila ilipoombwa tangu Septemba 1960.

Ilidhihirika baadaye kwamba thalidomaidi, ndiyo dawa iliyokuwamo katika Contergan, hudhuru viungo baina ya siku ya 20 na ya 36 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo aghalabu mwanamke hajajitambua kuwa ni mjamzito.

Ajabu ni kwamba mwaka 1958, dawa hiyo ikiuzwa kwa wingi, Ian Donald wa Glasgow alitangaza namna ya kulitazama tumbo kwa mawimbi ya sauti, na leo, mimba ifikapo wiki 20 hivi, mpimaji huweza kuifuatisha mifupa ya mikono na miguu mmoja mmoja. Hata hivyo kipimo hicho hufichua tu yaliyokwisha kutendeka, yawe yametokana na dawa, na urithi, au na nyuzi za utando wa mfuko wa mimba zilizokaza kiungo; huwapa wazazi fursa ya kujiandaa, lakini mkono usioota hakiurudishi. Kinga ingali katika swali lile la Lenz, nalo hufaa liulizwe mapema, pale dirishani pa duka la dawa, kabla kidonge hakijatiwa mkononi: "Mama, huenda ukawa na mimba?"