Karata na Kanuni Zake: Kutoka Pwani hadi Singida

Majina mengi ya karata katika Kiswahili ni ya Kireno. Karata imetokana na carta, na turufu imetokana na trunfo. Kopa ni copas, yaani vikombe. Shupaza ni espadas, panga. Uru ni ouros, dhahabu. Na pau ni paus, marungu. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kunyang'anywa mwaka 1698. Utawala wao ulikoma, lakini msamiati wa karata ulibaki midomoni mwa watu wa pwani.

Ndani ya msamiati huo zimehifadhiwa pia kanuni. Kamusi za zamani za Kiswahili, ambamo mzungu ni karata ya picha, zinamwita mfalme mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili. Nambari hizo ni alama. Katika michezo ya Kireno ya bisca na sueca, mfalme ana alama 4, ghulamu 3 na malkia 2; ree, yaani karata ya moja, ina 11 na saba ina 10. Huchezwa kwa karata 40, baada ya kuondoa nane, tisa na kumi, na alama zote ni 120. Mwenye 61 ameshinda, na 60 kwa 60 ni suluhu. Ndiyo maana mchezo wa jamii hiyo huko Zanzibar ukaitwa wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu. Palipozuka ubishi juu ya thamani ya karata au juu ya mshindi, jawabu lilikuwa tayari katika jina.

Kiswahili kilipanda bara kwa njia za misafara, kikiwa na maneno hayo ndani yake. Njia kuu ya Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka Ugogo, kisha nyika kavu ya Mgunda Mkali, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Manyoni na jirani zake mkoani Singida. Baadaye Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliweka vituo Manyoni na Itigi. Kwa njia hizo kopa na shupaza yakawa maneno ya bara kama yalivyo ya pwani.

Katika vijiwe vya leo umeenea mchezo wa namna nyingine, lasti kadi, ambao shabaha yake ni kumaliza karata za mkononi. Hapa karata haihesabiwi tu, bali humlenga mtu. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili. Nyingine humruka mchezaji, na nyingine hugeuza mzunguko. Thamani ya karata haimo katika jina lake tena, na kanuni hutofautiana mji kwa mji. Hivyo ubishi huwa juu ya mlengwa: je, aliyepigwa kwa mbili anaweza kujibu kwa mbili yake na kumsukumia wa tatu mzigo wa karata nne? Mzunguko ukigeuzwa, adhabu humrudia aliyetupa karata hiyo? Wakibaki wawili, anayerukwa ni nani?

Tatizo hilohilo limeshughulikiwa kwa maandishi katika michezo ya karata za kukusanya na kubadilishana, iliyoanza na Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotolewa Marekani mwaka 1993. Kanuni zake zinataka mlengwa atajwe karata inapochezwa, kisha zinahakiki kama bado anastahili kulengwa kabla ya athari kutimia. Ikiwa mlengwa ni mmoja tu na hastahili tena, karata haifanyi kazi. Katika mashindano, mwamuzi ndiye anayekata shauri.

Kijiweni hakuna mwamuzi wala kitabu, kwa hiyo mapatano hutangulia ugawaji. Wachezaji hutaja karata zenye adhabu, karata zinazoruhusiwa kujibu, na zamu inavyohesabiwa mzunguko unapogeuzwa. Yakishakubaliwa hayo, karata ikitua chini humlenga anayefuata kwa mwelekeo uliopo wakati huo, na jibu lililoruhusiwa ndilo pekee linaloweza kumwondolea adhabu. Jambo ambalo halikutajwa huamuliwa kwa kauli ya wengi, nalo huwa kanuni ya mikono inayofuata.