Lower East Side: maisha ya wapangaji mwanzoni mwa karne ya 20

Lower East Side ni mtaa wa kusini-mashariki mwa kisiwa cha Manhattan, jijini New York, Marekani. Tangu miaka ya 1880 walimiminika humo wahamiaji, hasa Wayahudi kutoka Urusi na Ulaya ya Mashariki, hata mtaa ukawa miongoni mwa sehemu zenye msongamano mkubwa kabisa wa watu duniani.

Jengo la namba 97 katika barabara ya Orchard, lililojengwa mwaka 1863, linaonyesha jinsi watu walivyobanana. Kila familia ilikuwa na vyumba vitatu, vyote pamoja mita za mraba 30 hivi, na aghalabu chumba cha mbele tu ndicho kilichopata mwanga wa jua. Jikoni palipikwa, palifuliwa na watoto waliogeshwa papo hapo. Usiku palitandikwa godoro la mgeni aliyelipia mahali pa kulala, maana bila senti zake kodi haikutimia. Wengine waligeuza nyumba kuwa karakana ya nguo. Mshonaji aliweka cherehani dirishani apate mwanga, mpiga pasi akasimama kando ya jiko la makaa ya mawe lililopasha pasi zake, na watoto wakakaa chini wakishikiza vifungo. Jiko hilo liliwaka hata Julai, ndiyo maana usiku wa kiangazi watu walilala juu ya paa.

Sheria ya mwaka 1901 ilitaka kila chumba katika majengo mapya kiwe na dirisha, na kila nyumba iwe na choo chake. Sifa ya mageuzi hayo hupewa sana Jacob Riis, mwandishi na mpiga picha aliyeanika hali ya mitaa hiyo mwaka 1890. Anaistahili, lakini wapangaji wenyewe hawakukaa kimya, na wanawake ndio waliotangulia. Mei 1902, ratili ya nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi ilipopanda kutoka senti 12 hadi 18, akina mama waligoma kununua. Walipita nyumba kwa nyumba kuhamasisha majirani, wakaingia buchani na kutupa nyama barabarani. Wengi walikamatwa, ila bei ilishuka. Mwaka 1909 mabinti wa mtaa huo walijaa katika mgomo mkubwa wa washona blauzi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Machi 1911, moto katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, jijini humo, uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na katika miaka iliyofuata likapitisha sheria nyingi za usalama kazini na saa za kazi.