Habari za Boma na Kanisa katika Mji wa Dar es Salaam

Mtu ashukaye Posta na kuelekea baharini huliona kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mbele kidogo kanisa la Walutheri la Azania Front. Yote mawili yalijengwa siku za Wadachi, wala hayako mbali na Boma la Kale, jengo la siku za Sultani Majid. Akigeuka na kuvuka Mnazi Mmoja, huingia Kariakoo, penye misikiti iliyosikia adhana tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Hivyo kanisa, msikiti na boma ni majirani wa zamani. Katika kijitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika habari za mapadre, za walimu na za ubatizo. Sisi tumepewa jambo lisilosemwa sana siku za furaha, nalo ni hili: Serikali iingie mpaka wapi katika mambo ya dini, na dini nayo iutie mkono wake mpaka wapi katika mfuko wa Serikali.

Mataifa ya Ulaya yalipokutana Berlin, yaliahidiana mwaka 1885 kuwalinda wamisioni wa madhehebu yote na kuacha watu waabudu kwa uhuru. Walakini Wadachi walipofungua shule ya Serikali huko Tanga mwaka 1892, hawakufundisha dini ndani yake, na wamisioni wengi wakanung'unika, maana waliotoka humo kuwa makarani na maakida walikuwa wengi wao Waislamu. Twayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba manung'uniko juu ya Serikali isiyopendelea dini hayakuanza jana, wala hayakuanzia upande mmoja tu.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Waingereza wakautwaa mji huu mwezi wa Septemba 1916. Wamisioni wa Kidachi wakazuiliwa, na mwaka 1920 wakaondolewa katika nchi. Madhabahu nyingi zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, ambao hawakuwa na mshahara wa kutegemea wala askofu wa kumwuliza. Mkataba wa udhamini wa mwaka 1922, ambao kwao Uingereza ilipewa Tanganyika, uliahidi tena uhuru wa dhamiri katika kifungu chake cha 8. Lakini walimu wale walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao jinsi kanisa liliegemealo bendera linavyoanguka pamoja na bendera hiyo.

Hata hivyo tuliegemea tena. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza ilianza kuzipa shule za misioni msaada wa fedha, kwa sharti kwamba walimu waandikishwe na mkaguzi akaribishwe. Fedha hizo zilileta madawati, vitabu na mishahara, nasi twazishukuru. Ila vyuo vya Kurani vya Kariakoo na vya pwani yote havikupewa kitu. Hata ulipofika Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, walio wengi kati ya vijana wenye elimu ya juu walikuwa wametoka katika shule zetu. Mzazi wa Kiislamu wa Mtaa wa Msimbazi hakuhitaji kusoma hesabu za Serikali ili kuyajua hayo. Aliyaona katika nyumba yake mwenyewe.

Serikali mpya ilisema tangu mwanzo kwamba watu wana dini zao, bali Serikali haina dini. Neno hili ni jema, lakini kulitenda ni kazi ngumu. Mwaka 1968 chama cha Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1945 kwa juhudi ya Aga Khan, kilipigwa marufuku katika nchi yetu, na BAKWATA ikaundwa mwaka huo huo. Waislamu wengi husema mpaka leo kwamba mkono wa Serikali ulikuwa ndani ya jambo hilo, nasi hatuoni sababu ya kuwabishia. Zamu yetu haikukawia. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule zetu zilizopata msaada zilitwaliwa na kuwa za Serikali. Shule ya watawa iliyo kando ya kanisa la Mtakatifu Yosefu ikaitwa Forodhani, na shule ya Aga Khan huko Upanga ikaitwa Tambaza. Wazee wa parokia walihuzunika sana. Lakini tangu siku ile mtoto wa Kariakoo aliweza kuingia katika madarasa hayo pasipo kuulizwa jina lake la ubatizo. Forodhani imekwisha kurudi mikononi mwa Kanisa, na twaifurahia. Huzuni ile na faida ile zote mbili ni kweli.

Jambo la ajabu ni kwamba miaka hiyo yote hapakuwa na sheria kuu ambayo mtu aliyeonewa katika dini yake angeweza kuishika mbele ya hakimu. Haki za watu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia mwaka 1988. Ibara ya 19 yampa kila mtu uhuru wa kuamini na wa kubadili dini. Yafanya kuhubiri kuwa hiari ya mtu mwenyewe. Na yauweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya kazi za mamlaka ya nchi. (Ijapokuwa ni hivyo, jumuiya zetu huandikishwa Wizara ya Mambo ya Ndani, kama chama cho chote.)

Ibara hiyo ilijaribiwa na mtu asiye wa kwetu. Mhubiri mmoja wa Kiislamu katika Mkoa wa Morogoro alisema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Akashitakiwa kwa kukusudia kuumiza mioyo ya watu katika dini yao, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Wakristo wengine waliona kuwa ni haki. Rufani yake ilifika mpaka Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 2003 ikaifuta hukumu ya hatia: kutamka imani ya dini yako, hata ikimchoma asiyeiamini, si kosa mpaka ithibitike kwamba ulikusudia kuumiza. Msomaji na apime mwenyewe. Sisi kila Jumapili husema katika Kanuni ya Imani maneno ambayo Mwislamu huyaona kuwa ni kufuru. Kama mhubiri yule angebaki na hatia kwa kukana, nani angetuhakikishia sisi usalama wetu kwa kukiri?

Imebaki habari moja, nayo yatugusa. Mwezi wa Februari 1992 Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa juu ya shule na hospitali zetu. Hospitali nyingi za misioni huhudumu kwa niaba ya Serikali, na wagonjwa wa dini zote hulala humo. Waislamu wamelalamika mara nyingi kwamba mapatano hayo ni upendeleo. Hata mwaka 2015, muswada wa kuitambua Mahakama ya Kadhi ulipopelekwa Bungeni, viongozi wetu wa Kikristo waliupinga kwa nguvu, wakisema Serikali isiyo na dini haiwezi kuibeba mahakama ya dini. Muswada ukaondolewa. Twakubali kwamba hoja yao ilikuwa na msingi katika Katiba. Lakini jirani yetu wa Kariakoo akituuliza kwa nini hoja hiyo hatukuisema kwa sauti ile ile mwaka 1992, jibu letu la kwamba hospitali ni ya wote na mahakama ya dini ni ya wamoja ni jibu la kweli, ila halitoshi kuifuta hesabu ya vyuo vile visivyopewa kitu.

Kadhi wa BAKWATA angali akiwasikiliza watu wake pasipo nguvu ya dola, kama baraza la usuluhishi wa ndoa la parokia lisivyo nayo. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, wanandoa wasiopatana hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi, nalo laweza kuwa la Kanisa au la BAKWATA. Lishindwapo, hutoa hati, na wote wawili huenda na hati zao mbele ya hakimu mmoja.