Dala ya Mzee

Juzi nilimwambia kijana wa bodaboda, "Ukifika getini nibipu." Akanikazia macho. "Anko, kwani watu bado wanabipu?" Wenzake kijiweni wakacheka. Nina miaka 36. Neno moja tu, nikawa anko.

Kijana hakukosea hesabu. Kubipu ni neno la sisi tuliopata simu ya kwanza miaka ya mwanzo ya 2000, wakati dakika moja ya kuongea ilikuwa inauma mfukoni. Unapiga, ikiita mara moja unakata, mwenzako anaona namba yako na kama ana salio anakupigia. Wanafunzi tuliwabipu wazazi, wapenzi walibipiana usiku kwa maana ya "nakukumbuka". Kijana wa leo ana bando, abipu ili iweje? Maisha yaliyolizaa neno yamepita, sisi tumebaki nalo mdomoni.

Tangu siku ile nawasikiliza watu wa nyumbani kwa sikio jingine, hasa wakitaja pesa. Bibi yangu alihesabu kwa sumni, yaani senti 50, na akisema pauni alimaanisha shilingi 20. Hiyo ni hesabu ya shilingi ya Afrika Mashariki, kabla Tanzania haijatoa shilingi yake mwaka 1966. Mimi nasema jero kwa 500 na buku kwa 1,000. Noti ya 10,000 ni msimbazi, maana ni nyekundu kama jezi za Simba, klabu ya Mtaa wa Msimbazi. Mzee wangu yeye ni mtu wa dala.

Dala ni shilingi tano, neno lililotoka kwenye dola. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam, kwa kuwa mabasi ya UDA yalikuwa hayatoshi. Nauli ikawa dala. Makonda wakaita "dala, dala!" na basi lenyewe likapata jina. Mzee alikuwa na miaka 25, karani, akigombania usafiri Kariakoo kila jioni. Mama ni wa rika lilelile lakini sijawahi kumsikia akisema dala. Alikulia bweni la masista mkoani, mjini kaja akiwa mke wa mtu. Kwake ni shilingi tano, basi. Ukiwasikiliza wote wawili utajua nani alisukumana mlangoni mwa basi miaka ile na nani hakuwepo.

Hapo ndipo ninapomdai Mzee. Kufikia miaka ya 1990 alishajenga nyumba yenye geti, na siku moja alinichapa kwa kusema "buku" mezani. Lugha ya wahuni, alisema. Geti lilifungwa saa kumi na mbili jioni, kijiwe nilikionea dirishani. Lugha ya mtaani nimejifunzia bwenini, tena kwa kuchelewa, na mpaka leo wana wa uswazi wakinisikia wanajua: huyu mtoto wa geti kali. Uswazi ndiyo Uswahilini, upande waliotengewa Waafrika wakati wakoloni wanaugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sheria zile zilishakufa zamani, ila ukifungua mdomo watu bado wanajua umetokea upande gani.

Nilikuwa nangoja siku nimwambie: Mzee, hata dala ilikuwa lugha ya mtaani, na leo daladala limo kwenye kamusi na kwenye nyaraka za serikali. Sikuwahi kumwambia. Sasa kumbukumbu inamtoka. Majina ya wajukuu yanampotea, na langu pia siku nyingine.

Wiki iliyopita nilikuwa naaga, akanishika mkono. Akapapasa mfuko wa shati lake, hauna kitu.

"Una dala ya basi?"

Nauli siku hizi ni mamia. Nikamjibu, "Ninayo, Mzee." Kisha nikakaa tena kidogo, nikamuuliza makonda wa enzi zile walikuwa wanaitaje abiria.

Akajiweka sawa kwenye kiti, akaita kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi. Mama akatoka jikoni mbio kuangalia kuna nini.