Tambi, bekoni na moshi: swali la Kidato cha Pili lililonishinda

Najua nimepotea hapa kijiweni, msinilaumu. Majaribio matatu ndani ya wiki moja, halafu bumu nalo likachelewa, hata hamu ya kuandika ikaniisha. Sasa nimepumua. Leo sitaongelea foleni ya kantini wala maji kukatika hosteli. Leo tuongee historia, tena historia ya msosi.

Ilianza hivi. Juzi usiku umeme ulikatika, tukawa tumekaa kwenye korido. Mshikaji wa chumba cha jirani akatoa simu, akatuonyesha video aliyotumiwa na binamu yake aliyeko Marekani. Jamaa kachukua manikoti, yaani tambi nene za mrija, kubwa kiasi kwamba unaweza kuingiza vidole viwili. Hazijachemshwa. Kachanganya nyama ya kusaga, soseji ya Kiitaliano aliyoichuna ganda, na jibini, kashindilia huo mchanganyiko ndani ya mirija, kisha kila mrija kauzungushia bekoni mpaka tambi haionekani tena. Akaziweka kwenye friji usiku kucha ili unyevu wa nyama na jibini uingie kwenye tambi, la sivyo utatafuna plastiki. Kesho yake zikaingia kwenye jiko la moshi, nyuzijoto kama 120, saa moja na nusu hadi mbili, na mwishoni akazipaka sosi tamu. Zinaliwa kabla ya mlo wenyewe, kama sisi tunavyopitisha sambusa wageni wakisubiri pilau. Wenyewe wanaziita risasi za shotigani kwa sababu ya umbo lake.

Watu wakacheka. Mmoja akasema hiyo ni kitimoto imevaa koti. Rumeti wangu, ambaye ni Mwislamu, akasema ya kwake izungushiwe nyama ya ng'ombe na asisikie habari nyingine. Mimi nikanyamaza, maana nilikumbuka deni.

Mwaka jana nikiwa TP nilifundisha Kidato cha Pili biashara ya utumwa ya Atlantiki. Nilichora ile pembe tatu ubaoni, nikaandika sababu, nikaandika athari, wanafunzi wakanakili. Kuna binti mmoja wa kiti cha nyuma, mkimya siku zote, akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili, wakati darasani tulitakiwa kuongea Kiingereza: "Mwalimu, hao watu walipofika kule walikuwa wanakula nini? Na nani alikuwa anawapikia?" Darasa zima likacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikacheka kidogo. Nikamwambia swali zuri sana, tutalijibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaingia na mada nyingine. Kwa somo lilelile nilipata alama nzuri kutoka kwa mhadhiri aliyekuja kunikagua. Alama ile inanikera mpaka leo.

Sasa ile video ya binamu, ukiitazama vizuri, ndani yake kuna nusu ya jibu. Tuanze na moshi.

Neno barbecue ambalo Wamarekani wanalitumia kwa nyama ya moshi lilitokana na barbacoa, neno walilolisikia Wahispania kwa Wataíno, wenyeji wa visiwa vya Karibi. Gonzalo Fernández de Oviedo aliliandika mwanzoni mwa karne ya 16. Na barbacoa haikuwa jina la nyama. Ilikuwa ni jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya miti. Ukiweka moto mdogo chini, unabanika samaki na nyama juu yake, na jukwaa la namna hiyohiyo walihifadhia mahindi au kulalia. Jamani, huo si uchanja? Bibi yangu kule Ukerewe anao nyuma ya nyumba, anabanikia sato, na wala hajawahi kusikia habari za Wataíno. Sisemi kwamba kimoja kilitoka kwa kingine. Moshi na fito vimegunduliwa na watu wengi, kila mtu kwake, Afrika Magharibi wakiwemo. Wataíno wenyewe, miaka hamsini baada ya Columbus kufika mwaka 1492, walikuwa wamebaki wachache mno kwa sababu ya magonjwa, kazi za kulazimishwa na mauaji. Neno likabaki.

Nguruwe naye hakuwa wa huko. Columbus alimleta Karibi katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Mwaka 1539 Hernando de Soto akashuka Florida na kundi dogo la nguruwe kama akiba ya chakula cha askari wake. Alipokufa mwaka 1542 kundi lilikuwa limefika mamia, ukiacha waliotorokea msituni. Nguruwe hahitaji kuchungwa sana, anakula chochote, anazaa wengi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana baadaye akawa nyama ya kusini mwa Marekani, ya tajiri na ya maskini, isipokuwa kila mmoja alikuwa na sehemu yake.

Hapa ndipo kwenye swali la yule binti. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka mwaka 1838, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1845, na ndani yake ametaja posho ya chakula kwenye shamba alilokulia. Mtu mzima alipewa kwa mwezi ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa kiasi hicho, pamoja na bushel moja ya unga wa mahindi. Ratili 8 ni kilo 3.6. Gawa kwa siku 30, unapata gramu 120 kwa siku, na bushel ni karibu madebe mawili. Kwa hiyo binti, walikula ugali! Wao hawakuuita hivyo, lakini unga ni ule ule. Nilipopiga hiyo hesabu pembeni ya daftari nilisimama kwanza, nikaenda kunywa maji. Mimi nimesoma utumwa tangu shule ya msingi, nazijua athari zake kwa kichwa kama sala, na sikuwahi kujua kitoweo cha mtu mmoja kwa siku moja.

Na nani alikuwa anawapikia? Chao walijipikia, mara nyingi usiku, baada ya kazi. Lakini walipika pia cha wengine. Zile sherehe kubwa za kusini, za siasa, za mavuno, za harusi za mabwana, zilitegemea mashimo marefu yaliyochimbwa ardhini, magogo yaliyochomwa mpaka yakawa makaa, na wanyama wazima waliolazwa juu ya fito usiku kucha. Kazi ya kukesha na moto huo ilikuwa ya watumwa. Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani ilituma watu kwenda kuwahoji wazee waliokuwa watumwa utotoni au ujanani, wakakusanya mahojiano zaidi ya 2,300. Mmoja wao, Wesley Jones wa South Carolina, alieleza alivyokuwa akikesha usiku kabla ya karamu, akigeuza nyama na kuipaka sosi. Akaitaja sosi yenyewe: siki, pilipili manga, pilipili nyekundu, chumvi, siagi, giligilani, vitunguu, vitunguu saumu na majani ya kunukia. Zaidi ya miaka sabini baada ya utumwa kwisha mzee bado anakumbuka viungo. Mahojiano hayo yana matatizo yake, wengi wa waliouliza walikuwa Wazungu na wazee walipima maneno, hilo tulifundishwa kwenye kozi ya mbinu za utafiti. Lakini sosi haikuwa na sababu ya kuidanganyia.

Uhuru ulipokuja mwaka 1865 waliondoka na ufundi huo. Tarehe 19 Juni mwaka huo tangazo la uhuru lilisomwa Galveston, Texas, na kuanzia mwaka uliofuata watu weusi wa huko walianza kuiadhimisha siku hiyo, nyama ya moshi ikiwa katikati ya sherehe. Imekuwa sikukuu ya taifa zima mwaka 2021 tu. Wengine walihamia mijini. Henry Perry, mzaliwa wa karibu na Memphis, alifika Kansas City mwaka 1907, na mwaka 1908 alikuwa anauza nyama iliyobanikwa kwa moshi, anaifunga kwenye gazeti kama muuza mihogo. Alifariki mwaka 1940. Mfanyakazi wake Charlie Bryant alishika biashara, kisha mdogo wake Arthur Bryant, na mji mzima ukawa na jina kwa ajili ya moshi huo. Kumbukeni hiyo Kansas City, nitairudia.

Tambi nazo. Watu wengi hudhani zililetwa na wahamiaji wa Italia basi. Kabla yao kuna James Hemings. Alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, yule aliyeandika tamko la mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwaka 1784 Jefferson alikwenda naye Paris akamsomeshe upishi wa Kifaransa. Huko Ufaransa angeweza kudai uhuru wake mahakamani. Alirudi na bwana wake mwaka 1789, na akaachwa huru mwaka 1796 baada ya kumfundisha mdogo wake Peter kazi yote. Alifariki mwaka 1801. Mwaka 1802 mgeni mmoja kwenye meza ya rais Jefferson aliandika kwamba aliletewa pai ya makaroni na hakuipenda. Mpishi hakutajwa.

Halafu ndipo wakaja Waitaliano wenyewe, zaidi ya milioni 4 kati ya 1880 na 1920, wengi kutoka kusini mwa Italia ambako mkulima alionja nyama kwa sikukuu. Hawakupokelewa kwa maua. Machi 1891 kundi la watu New Orleans liliua Waitaliano 11 gerezani, na mijini walisemwa kwamba vyakula vyao vinanuka vitunguu saumu. Lakini Marekani nyama ilikuwa rahisi kuliko kwao, basi wakaiongeza kwenye kila kitu, na tambi zikaanza kushindiliwa minofu na jibini kwa namna ambayo mama zao wasingeweza kumudu.

Bekoni sitaichelewesha. Ni tumbo la nguruwe lililotiwa chumvi, likapitishwa moshi, likakatwa nyembamba. Machinjio makubwa ya Chicago yalifunguliwa Desemba 1865, mwaka uleule wa uhuru, yakaigeuza akiba ya maskini kuwa bidhaa ya kiwanda, na baada ya riwaya ya Upton Sinclair ya mwaka 1906 kuwatia watu kichefuchefu bunge lilipitisha sheria ya ukaguzi wa nyama mwaka huohuo. Miaka ya 1920 kampuni ya Beech-Nut ilimwajiri Edward Bernays, bingwa wa matangazo, naye akakusanya saini za madaktari kuunga mkono kifungua kinywa kizito. Mpaka leo mayai na bekoni ndiyo asubuhi ya Mmarekani. Walimu watarajiwa, hapo kuna somo zima la uraia, mkitaka.

Sasa turudi Kansas City. Desemba 2008 jamaa wawili wa eneo hilo, Jason Day na Aaron Chronister, walisuka vipande vya bekoni kama mkeka, wakavingirishia soseji ya Kiitaliano na bekoni zaidi, wakaitia kwenye jiko la moshi. Karibu kilo moja ya bekoni na kilo moja ya soseji, wakaiita mlipuko wa bekoni, na wiki chache baadaye, Januari 2009, ikatoka New York Times. Manikoti za binamu ni ukoo huohuo. Piga hesabu na ya pale juu: bekoni na soseji za mlipuko mmoja ni kama nusu ya posho ya nyama ya mwezi mzima ya mtu wa shamba la Maryland.

Sina ugomvi na binamu. Anafurahia wikiendi yake, na nikialikwa nitakula, tena mbili. Kinachonisumbua ni kwamba nilikuwa na darasa la watoto zaidi ya hamsini mbele yangu, mmoja akauliza swali ambalo mwanahistoria angeliuliza, nami nikaacha wenzake wamcheke.

Nimemwandikia jibu. Kurasa tatu kwa mkono, kwa Kiswahili, nimeanza na zile kilo 3.6 na nimemwachia nafasi agawe kwa siku mwenyewe. Sosi ya mzee Jones nimeiweka yote. Sasa hivi yeye yuko Kidato cha Tatu. Mwalimu aliyenipokea TP amekubali kumfikishia, barua inaondoka na basi la Ijumaa, na nimemwomba mwalimu aisome mbele ya darasa kama binti mwenyewe atakubali.

Rumeti anauliza manikoti zinapatikana duka gani hapa mjini, anataka kujaribu kwa nyama ya ng'ombe kwenye nusu pipa. Anayejua atuambie. Na mdau ambaye kwao wanabanika samaki au nyama, niandikie hapo chini: ule uchanja kwa lugha ya kwenu mnauitaje?