Riba Iliyojificha Kwenye Bei: SACCOS na Mtaji wa Mkulima wa Vitunguu Ruaha Mbuyuni

1. Utangulizi

Ruaha Mbuyuni ni kata ya Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, mahali ambapo msafiri atokaye Morogoro huingia Iringa kabla ya kuupanda mlima Kitonga. Ni bonde la joto na mibuyu, lakini Mto Ruaha Mkuu na vijito vyake huliwezesha kulimwa kwa umwagiliaji, na zao lililoipa kata hii umaarufu ni kitunguu. Maji yapo, barabara ipo, na walaji wa Dar es Salaam hawapungui. Kinachomsumbua mkulima mdogo ni fedha ya kuanzia msimu, na zaidi ya hapo, masharti anayoipatia fedha hiyo.

Katika mjadala wa mikopo nchini, unafuu hupimwa kwa kiwango cha riba. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakimtoshi mkulima wa kitunguu. Sehemu kubwa ya gharama anayolipa kwa mtaji imejificha ndani ya bei anayouzia na kipimo anachouzia. Kwa hiyo thamani ya chama cha ushirika wa akiba na mikopo, yaani SACCOS, ipimwe kwa jambo moja kabla ya mengine: je, kinampa mwanachama uwezo wa kuchagua siku ya kuuza?

2. Mkopo usioitwa mkopo

Kitunguu hula fedha mapema na kurudisha mwishoni. Miche hukaa kitaluni wiki sita hivi, kisha huhamishiwa kwenye majaruba, na mavuno huja miezi mitatu hadi minne baadaye. Katika muda huo wote mkulima hununua mbegu, mbolea na dawa za ukungu na wadudu, hulipa vibarua wa kupanda na kupalilia, na anayetumia pampu hununua mafuta. Hakuna shilingi inayoingia mpaka kitunguu king'olewe.

Pengo hilo huzibwa na mnunuzi au dalali anayetanguliza fedha kwa ahadi ya mazao yaliyo bado shambani. Katika Mkoa wa Kagera desturi hiyo kwenye kahawa huitwa butura, na kwenye korosho za Kusini huitwa kangomba. Jina hubadilika, mantiki ni ileile. Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima anapewa shilingi 500,000 kwa ahadi ya kutoa magunia kumi, yaani shilingi 50,000 kwa gunia. Siku ya mavuno bei imesimama kwenye shilingi 90,000. Magunia yake yana thamani ya shilingi 900,000, naye amekwisha kula 500,000. Amelipa shilingi 400,000 kwa kutumia 500,000 kwa miezi michache, sawa na asilimia 80, na hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa neno riba. Bei ikishuka chini ya ile ya ahadi, mnunuzi ndiye anayepata hasara. Lakini yeye hununua kwa wengi na hulijua soko kuliko mkulima, kwa hiyo bei ya ahadi hupangwa ikiwa tayari imemlinda.

Juu ya bei kuna kipimo. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haijaisha, kwa sababu mwenye deni hana sauti ya kukataa gunia kushonewa kilemba. Wakala wa Vipimo anaweza kumkamata dereva barabarani; hawezi kumwondolea mkulima deni lililomfunga mdomo.

Hapa ndipo udhibiti wa riba unapofikia ukomo wake. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, hatua muhimu dhidi ya mikopo ambayo wananchi wameipachika jina la kausha damu. Lakini ukomo huo humgusa mkopeshaji anayejiita mkopeshaji. Anayejiita mnunuzi hupita pembeni yake.

3. Vyanzo vingine na mipaka yake

Benki za biashara si adui katika simulizi hii. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja za kuzikopesha benki kwa asilimia 3, ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Hata hivyo fedha nafuu huhitaji njia ya kumfikia mtu mwenye robo eka ya majaruba, mara nyingi ya kukodi, asiye na hati ya kuweka dhamana. Gharama ya kumchunguza mkopaji wa shilingi laki tano hukaribia ile ya kumchunguza wa milioni hamsini, na meneja wa tawi anajua hesabu hiyo.

Mikopo ya simu hufika haraka, lakini ni midogo na hudaiwa ndani ya wiki chache. Kitunguu hakikomai kwa wiki nne. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa 2023, imetengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hutegemea bajeti ya mwaka. VICOBA, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, vimejenga nidhamu ya kuweka akiba vijijini, lakini vikundi vingi hugawana fedha mwisho wa mzunguko. Mtaji unaovunjwa kila mwaka haukui ukafikia kujenga banda la kuhifadhia mazao.

4. Akiba kwanza: funzo la historia

Mwanzilishi mmoja wa ushirika wa mikopo, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, alikuwa kiongozi wa vijiji maskini vya Ujerumani ambako wakulima walifungwa na madeni ya wafanyabiashara wa mifugo. Alianza na vyama vya hisani vilivyotegemea fedha za matajiri. Vilipodhoofika, aliunda huko Heddesdorf mwaka 1864 chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama na wadhamini. Alichobadilisha ni mwenye fedha: mkopaji alianza kukopa fedha ya jirani yake, na jirani akawa na sababu ya kumfuatilia.

Tanzania imelipia funzo hilo zaidi ya mara moja. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya 1982, na katikati yake imani ya wanachama iliumia. Kisha, kuanzia 2006, mfuko wa uwezeshaji uliojulikana mitaani kama Mabilioni ya JK (Rais Jakaya Kikwete) ulitenga shilingi bilioni moja kwa kila mkoa. Nia ilikuwa njema, lakini fedha iliyotangazwa kabla ya akiba iliwavuta watu kuunda vyama vya kuipokea. Chama kilichozaliwa kusubiri mgawo hakina kinachokishikilia mgawo unapokwisha, na mkopaji anayeamini fedha ni ya serikali haoni aibu kutoirejesha.

Ndiyo maana sharti la kawaida la SACCOS, kwamba mwanachama aweke akiba kwanza na akope kwa uwiano wake, aghalabu mara mbili au tatu, lisilegezwe kwa jina la huruma. Akiba ni dhamana, ni historia ya mkopaji, na ni sauti yake katika mkutano mkuu.

5. SACCOS inayofuata kalenda ya kitunguu

Nyanda za Juu Kusini zina mfano wa karibu. Huko Madibira, wilayani Mbarali, wakulima wa mpunga wana chama cha mazao na SACCOS ndani ya skimu moja ya umwagiliaji. Mpunga ukikauka hukaa ghalani, na stakabadhi ya ghala huwa dhamana ya mkopo wakati mkulima akingoja bei. Mfumo huo hauwezi kuhamishwa Ruaha Mbuyuni kama ulivyo, kwa kuwa kitunguu huota na kuoza. Lakini kikikaushwa vizuri na kutandazwa kwenye banda lenye kivuli linalopitisha hewa, hukaa wiki nyingi, na wiki hizo ndizo hutofautisha bei ya mafuriko ya mavuno na bei ya baadaye.

Kwa hiyo mkopo ugawanywe kufuata shamba. Awamu ya kwanza itolewe wakati wa kitalu, ya pili wakati wa kupandikiza, na marejesho yaanze baada ya mauzo. Awamu ya tatu, ambayo vyama vingi huisahau, itolewe siku ya mavuno: fedha ndogo ya kulipa vibarua, magunia na karo, ili mwanachama asilazimike kuuza wiki ileile. Chama kikijenga banda la pamoja na kuweka mizani, mkulima atauza kwa kilo, na lumbesa itakosa pa kusimama.

6. Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni zito: wote wakilima kitunguu, mafuriko au anguko la bei litawapiga siku moja, na chama kitaanguka nao. Jibu ni kupanua uanachama. Ruaha Mbuyuni ni kituo cha barabara. Kuna mama lishe, bodaboda, mafundi, wenye maduka na walimu, ambao mapato yao hayafuati msimu wa majaruba. Akiba zao hukopeshwa kitaluni, na baada ya mavuno akiba za wakulima huwakopesha wao. Juu ya chama iwepo ngazi ya kuazimana fedha, kazi inayoipasa Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025.

Pingamizi la pili ni wizi na viongozi kujikopesha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliziweka SACCOS daraja la tatu, zikipewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Ni ulinzi wa kweli, lakini mkaguzi hufika mara chache. Mwenye kuona kila siku ni mwanachama. Orodha ya mikopo ya wajumbe wa bodi isomwe hadharani kila mkutano mkuu, pamoja na kiasi kilichochelewa.

7. Hitimisho

SACCOS yenye riba nafuu ambayo bado inamwacha mwanachama auze kitunguu kikiwa shambani haijamsaidia. Imemsogeza tu kutoka deni moja kwenda jingine. Tume, halmashauri na watafiti wanaotathmini vyama hivi waongeze swali moja kwenye madodoso yao: katika wanachama waliokopa msimu huu, wangapi waliuza kwa bei na siku waliyoichagua wenyewe? Idadi hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, chama kinatimiza kazi yake. Isipopanda, masharti ya mkopo yaandikwe upya kabla ya kuomba fedha zaidi.